Kuvuka bahari na watoto kwa mzazi anayelea peke yake

Shule zinapofungwa, mwezi wa Juni na mwezi wa Disemba, mazungumzo ya nyumba nyingi za Kiislamu huwa ni ya safari. Baba hukata tiketi, mama hufunga mizigo, na watoto huhesabu siku. Lakini zipo nyumba ambazo mazungumzo hayo hukatwa mapema kwa maneno machache: mwaka huu tusubiri kwanza. Mwaka huu huzaa mwaka ujao, na watoto wa mjane, wa mama aliyeachika, au wa baba aliyefiwa na mkewe, hukua wakiwa na bibi na babu ng'ambo ya maji ambao wanawajua kwa sauti ya simu tu.

Juma hili tunazungumza na wazazi hao. Tumechagua safari moja iliyo ya kweli kwa familia nyingi miongoni mwetu, nayo ni kuvuka kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, kisha kutoka Unguja hadi Pemba, mzazi mmoja akiwa na watoto wawili, watatu au zaidi. Kwa baadhi yao ni matembezi ya likizo, na matembezi ya halali hayana lawama. Kwa wengine ni zaidi ya matembezi. Watoto waliofiwa na baba yao wana haki ya kuujua upande wa baba, kulala katika nyumba aliyozaliwa, na kulizuru kaburi lake. Kuunga udugu hakukomi kwa kifo wala kwa talaka.

Kinachowazuia wazazi hawa mara nyingi si nauli peke yake. Ni hofu, nayo ni hofu yenye sababu. Wazazi wawili wakisafiri, mmoja hushika mtoto na mwingine hushika tiketi. Mmoja huenda msalani na mwingine hubaki. Mzazi aliye peke yake hana wa kumpokeza. Hakupungukiwa na mapenzi wala akili, bali amepungukiwa na mikono. Mikono hiyo haipatikani katikati ya maji wimbi linapopiga. Hutafutwa mapema, angali nchi kavu.

Bahari haina mzaha

Hatuandiki haya kwa kumtisha mtu, lakini hatuwezi kuzungumzia njia hii tukanyamazia yaliyotokea. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya sikukuu ya Idd el-Fitri, meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Ilikuwa imepakia kupita uwezo wake. Haukupita mwaka, na tarehe 18 Julai 2012, Ramadhani ikiwa mlangoni, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, siku ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Katika vyombo vyote viwili walikuwemo watoto wengi pamoja na mama zao.

Tunakumbusha misiba hiyo kwa sababu ina mafunzo mawili yanayomhusu moja kwa moja mzazi wa peke yake. La kwanza ni kwamba chombo kilichojaa kupita kiasi hakipandwi, hata kama tiketi imekwisha kukatwa na jamaa wanasubiri gatini. Katika nyumba yenye wazazi wawili, mmoja akikazana kwamba twendeni tu, mwingine huweza kumrudisha nyuma. Aliye peke yake hana wa kumrudisha, kwa hiyo na aamue nyumbani, kabla ya kulifikia lango la bandari, kwamba akikuta hali fulani atarudi na watoto wake. Uamuzi uliofanywa kwa utulivu hushinda shinikizo la foleni.

La pili ni majina. Baada ya MV Spice Islander kuzama, idadi ya waliokuwemo ilibishaniwa kwa muda mrefu, kwa kuwa orodha ya abiria haikulingana na watu waliopanda. Mzazi ahakikishe kwamba kila mtoto, hata yule wa mgongoni, ameandikwa kwa jina lake kamili. Asikubali kuambiwa kwamba mdogo hahitaji kuandikwa. Jina katika orodha ndilo linalosema mtoto huyu alikuwemo, na ana wa kumwulizia.

Haki na ruhusa kabla ya nauli

Yapo mambo ambayo familia ya Kiislamu huyatazama kabla ya kuhesabu fedha. La kwanza ni eda. Mjane asiye na mimba hukaa miezi 4 na siku 10, na mwenye mimba hukaa hadi ajifungue. Safari ya matembezi haipangwi ndani ya siku hizo. Tarehe za likizo zikigongana na eda, likizo ndiyo inayosubiri.

La pili ni ruhusa ya mzazi mwingine. Mama aliyeachika, mwenye watoto katika malezi yake, asiondoke nao kimyakimya kwa kuwa tu hajapendezwa na tabia za baba yao. Amwarifu kwa maandishi, ataje siku ya kwenda, siku ya kurudi na mahali watakapofikia, na apate jibu lake, naye pia kwa maandishi. Baba mwenye watoto amfanyie mama yao vivyo hivyo. Karatasi moja yenye saini huepusha ugomvi ambao ungeweza kufikishwa mbele ya kadhi au polisi, na huwaepusha watoto na kuhojiwa bandarini wakiwa na hofu. Pamoja na karatasi hiyo, zichukuliwe nakala za vyeti vya kuzaliwa, kwani cheti ndicho kinachoonesha kwamba mtoto huyu ni wa mzazi huyu, hasa pale majina yao yanapotofautiana.

La tatu ni maharimu. Wanazuoni wamelizungumza kwa urefu suala la mwanamke kusafiri bila ya maharimu. Wengi wameshikilia katazo lililokuja katika hadithi za Mtume (S.A.W.), na wapo waliotazama amani ya njia na uaminifu wa anaosafiri nao. Kila mmoja amwulize sheikh anayemwamini. Sisi tunakumbusha jambo moja ambalo wajane wengi hawalijui: baba mkwe huendelea kuwa maharimu wa mke wa mwanawe daima, hata baada ya kifo cha mume au talaka. Babu wa watoto anaweza kuja kuwachukua, au kuwasindikiza wakati wa kurudi, na kwa safari hiyo ndiye jozi ya pili ya mikono inayotafutwa. Shemeji si maharimu, hata akiwa mtu mwema kiasi gani. Kaka wa mama, au mwanawe wa kiume aliyekwisha kubaleghe, naye anafaa.

La nne ni mali. Nauli itatoka wapi? Ikiwa watoto ni mayatima waliorithi, fungu lao ni amana. Katika madhehebu ya Shafii, kwa kauli iliyo mashuhuri, mama hawi msimamizi wa mali ya yatima kwa sababu tu ya umama wake. Usimamizi ni wa babu mzaa baba, kisha wasii aliyeachwa, kisha kadhi. Basi asichote katika fungu hilo kwa matembezi bila ya idhini ya msimamizi, na msimamizi naye apime kama safari ina maslahi kwa watoto. Qur'ani imelikemea vikali suala la kula mali ya yatima, na hakuna anayetaka kuanza safari na mzigo huo.

Wala asikope kwa riba ili watoto nao waonekane wamesafiri. Kibubu kilichoanzwa mwezi wa Januari, watoto wakitia sarafu zao humo, hufanya kazi mbili: hukusanya nauli, na humfundisha mtoto kwamba furaha ina subira. Katika hesabu ya kibubu ziwekwe nauli za kwenda na kurudi, malazi ya usiku mmoja ambao haukutarajiwa, na akiba ndogo ya dawa. Aliye peke yake asifike ng'ambo akiwa na fedha za kwenda tu, akitumainia kwamba za kurudi zitapatikana.

Msimu, chombo na tiketi

Wazee wetu hawakuvuka bila ya kuujua upepo, nasi tuna kila sababu ya kuwafuata. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hadi Machi. Kusi huanza baada ya hapo na hupata nguvu katikati ya mwaka. Likizo ya Juni, kwa hiyo, huangukia ndani ya kusi, na mkondo wa Nungwi katika miezi hiyo si wa kuchezewa. Mwenye nafasi ya kuchagua, na hasa mwenye watoto wachanga, achague likizo ya Disemba. Asiye na nafasi hiyo aweke siku mbili za ziada katika ratiba yake, ili asilazimike kuvuka siku mbaya kwa kuwa tu kazi inaanza kesho yake.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa kila siku, na hutoa tahadhari upepo mkali na mawimbi makubwa yanapotarajiwa. Taarifa hiyo isikilizwe siku tatu kabla, siku moja kabla, na asubuhi ya safari. Usalama wa vyombo husimamiwa na TASAC kwa upande wa Bara, na Mamlaka ya Usafiri Baharini kwa upande wa Zanzibar. Chombo kikizuiliwa kuondoka, tushukuru badala ya kulalamika.

Tiketi ikatwe katika ofisi ya kampuni yenyewe au kwa wakala wake anayejulikana, siku kadhaa kabla. Karibu na malango ya bandari huzunguka vishoka, nao humlenga hasa mtu mwenye watoto na mizigo, kwa kuwa wanajua amechoka na hawezi kuwaacha watoto akafuatilie fedha zake. Achague safari ya asubuhi. Boti ziendazo kasi huvuka kati ya Dar es Salaam na Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Anayetoka asubuhi hufika mapema, jua lingali juu, na likitokea la kutokea ana mchana mzima wa kulitengeneza. Kutoka Unguja hadi Mkoani, Pemba, ni mwendo mrefu zaidi na wenye mawimbi zaidi. Watoto wapumzishwe Unguja usiku mmoja au miwili kabla ya kuendelea.

Kugawana kazi

Katika Surat al-Qasas tunasoma habari za mama aliyekuwa na mtoto mchanga na maji mbele yake. Mama yake Nabii Musa (A.S.) aliamrishwa amtie mwanawe mtoni, akaahidiwa kwamba atarejeshewa. Ahadi ile ilikuwa ya Mwenyezi Mungu Mwenyewe, wala hakuna ahadi iliyo madhubuti kuliko hiyo. Hata hivyo alimtuma dada yake Musa amfuatilie, naye binti akamtazama kwa mbali, akayaona yanayotokea, na akasema neno la busara lilipohitajika. Tawakali ya mama yule haikumzuia kuweka jicho la pili, na jicho hilo lilikuwa la mtoto wake mkubwa.

Hapo pana funzo kwa safari yetu. Mtoto mkubwa, wa miaka kumi na zaidi, apewe kazi moja iliyo wazi, naye aijue mapema. Kazi hiyo iwe ni kumshika mkono mdogo mmoja, kwa jina, tangu kushuka katika teksi hadi kukaa kitini. Asipewe watoto wawili, wala mtoto pamoja na begi. Wa makamo apewe kubeba chupa ya maji na mfuko wa vitafunio. Mdogo afungwe mgongoni kwa kanga ili mikono ya mzazi ibaki mitupu. Lakini tuchunge mpaka: binti wa miaka 11 ni msaidizi, hajawa mzazi. Dada yake Musa alitumwa atazame tu, na mzigo wenyewe ulibaki kwa mama. Mtoto akipotea asilaumiwe mkubwa, kwani aliyepanga ni mzazi.

Mizigo ifungwe kwa kanuni moja: kisichobebeka mgongoni hakiendi. Mzazi mmoja mwenye masanduku mawili hana mkono wa mtoto. Kama zawadi za ng'ambo ni nyingi, alipwe mchukuzi aliyevaa sare na namba, na mzazi aishike namba hiyo kichwani. Nyaraka, fedha na simu vikae katika mkoba mdogo wa kifuani, chini ya baibui au koti. Kila mtoto awe na kipande cha karatasi mfukoni chenye jina lake, jina la mzazi, na namba mbili za simu: ya mzazi anayesafiri naye, na ya ndugu aliyebaki nchi kavu. Simu ya mzazi ikizama au ikiibwa, ile namba ya pili ndiyo itakayofaa.

Jioni ya kuamkia safari familia ikae kitako. Mzazi aeleze kila hatua: tutashukia wapi, tutapanga foleni gani, tutakaa vipi, na atakayejikuta peke yake afanye nini. Jibu liwe moja na jepesi: simama pale pale ulipo, na umwite mtu mwenye sare. Mtoto ambaye ameisikia safari kabla ya kuiona hulia kidogo na husikia zaidi.

Ndani ya chombo

Mwenye watoto afike bandarini mapema, ili apande kabla ya msongamano na achague mahali. Pazuri zaidi ni katikati ya chombo na sakafu ya chini, ambapo mtikisiko ni mdogo, karibu na njia ya kutokea lakini mbali na ukingo. Kabla ya kufungua vitafunio, afanye mambo matatu. Atafute majaketi ya kuokolea yalipo. Amwombe baharia amwoneshe yale ya watoto, kwa sababu la mtu mzima humtoka mtoto mwilini akiwa majini. Kisha amvishe mtoto mmoja na kumvua, ili wote waone namna linavyofungwa. Hakuna aibu katika kuuliza. Aibu ni ya chombo kisicho na jibu, na hapo mzazi akumbuke uamuzi wake wa nyumbani.

Jambo la pili ni jirani wa kiti. Mama amsalimie mwanamke aliye karibu, amweleze kwamba yuko peke yake na watoto, na amwombe awatupie jicho atakapokwenda msalani. Watu wa pwani hawakatai ombi hilo. Watoto wadogo waende naye msalani, na wakubwa wabaki wamekaa pamoja. Baba mwenye mabinti ana ugumu wake hapa, naye asione haya kumwomba mhudumu wa kike au mama mtu mzima amsindikize binti mdogo hadi mlangoni.

Kuchafukwa na moyo ndilo tatizo la wengi katika maji haya. Watoto wale chakula chepesi saa moja au mbili kabla, bila ya mafuta mengi. Wasipande na njaa, wala wasipande wameshiba mno. Waambiwe watazame mbali, pale bahari inapokutana na mbingu, na wasiinamie simu wala vitabu. Tangawizi huwafaa baadhi yao. Dawa za kuzuia kutapika zinunuliwe kwa mfamasia, naye aambiwe umri na uzito wa kila mtoto. Kumkatia mtoto kidonge cha mtu mzima kwa kukadiria ni hatari, na kwa aliye chini ya miaka miwili lisijaribiwe kabisa bila ya daktari. Mifuko ya kutapikia iwe mingi kuliko idadi ya watoto, na mmoja wapo uwe wa mzazi, maana naye ni binadamu.

Kuhusu Sala, kutoka Dar es Salaam hadi mjini Unguja ni mwendo wa kilomita 75 hivi, na marhala mbili za kupunguza Sala hukadiriwa na wanazuoni wengi wa zama hizi kwa kilomita 80 au zaidi kidogo. Anayekwenda Unguja tu amwulize sheikh wake. Anayekusudia Pemba tangu mwanzo amevuka kiwango hicho bila ya shaka. Kwa vyovyote, mwenye watoto wadogo hupata wepesi akisali nchi kavu kabla ya kupanda au mara baada ya kushuka. Anayelazimika kusali ndani ajue kwamba kibla ya pwani yetu ni kaskazini, na boti iendayo Unguja kutoka Dar es Salaam huelekea huko huko. Watoto wafundishwe dua ya kupanda chombo, ile iliyotajwa katika Surat Hud kuhusu Nabii Nuhu (A.S.). Waisome kwa sauti pamoja, kwani sauti ya watoto ikisoma kitu wanachokijua huwatuliza wenyewe, na mama yao pia.

Ugenini

Ratiba ya mzazi mmoja iwe nyepesi. Jambo moja asubuhi, mapumziko mchana, na matembezi mafupi jioni yanatosha. Unguja kuna ya kuwaonesha watoto bila ya gharama kubwa: Ngome Kongwe na bustani ya Forodhani wakati wa magharibi, na kima punju katika msitu wa Jozani. Tungependa pia wafikishwe Kizimkazi, katika msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107 Miladia. Mtoto anayesimama mbele ya ukuta ule huelewa bila ya hotuba kwamba Uislamu si mgeni wa jana katika pwani hii. Pemba kuna msitu wa Ngezi na popo wake wakubwa.

Tahadhari moja haina budi kutajwa. Wapo wanaovuka mkondo mkubwa kwa hadhari zote, kisha wakapanda mashua ndogo kwenda Changuu kutazama kobe bila ya kuuliza majaketi. Maji ya karibu na pwani nayo ni maji. Bila ya jaketi la kila mtoto, kobe watatazamwa siku nyingine.

Katika nyumba ya wakwe mjane apange malazi mapema kwa simu, ili yeye na mabinti zake wapate chumba cha sitara, na asikutwe na aibu ya kulazwa ukumbini mbele ya mashemeji. Hilo si la mgeni kulidai mlangoni. Ni la mama mkwe kulitayarisha, na tunawaomba mabibi wanaotusoma walitayarishe.

Wanaoalikwa katika meli kubwa

Baadhi ya wasomaji wetu wana ndugu Ghuba na Ulaya wanaowaalika katika zile meli za matembezi zenye vyumba vya kulala, zinazoondoka Dubai, Abu Dhabi au Doha katika miezi ya baridi. Misingi ni ile ile, ila yapo ya kuongeza. Bei za meli hizo hupangwa kwa watu wawili katika chumba kimoja, kwa hiyo mzazi mmoja na mtoto mmoja mara nyingi hulipa kama watu wazima wawili. Ulizeni kabla ya kufurahia tangazo. Kampuni nyingi hazipokei mtoto aliye chini ya miezi 6. Barua ya ruhusa ya mzazi mwingine, au cheti cha kifo chake, huhitajika mara kwa mara mipakani.

Nyingi ya meli hizo zina ulevi na michezo ya kamari, na neno halali katika tangazo huenda likahusu nyama peke yake. Familia iulize jikoni kuna nini, iombe chumba kilicho mbali na kumbi hizo, na ipime yenyewe. Kwa upande wa usalama zina nidhamu ya kuigwa: tangu mwaka 2015, sheria za kimataifa zinataka abiria wakusanywe na kuelekezwa kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Mzazi asiikwepe mikusanyiko hiyo kwa kuwa watoto wamechoka. Hapo ndipo atakapojua mahali pa kukutana nao wakitengana.

Wajibu wa walio karibu

Tumemwambia mengi mzazi anayelea peke yake. Haitakuwa haki tukimaliza bila ya kuwaambia walio karibu naye. Mjomba mwenye likizo ya wiki moja anaweza kusindikiza. Jirani anayevuka juma hilo hilo anaweza kupanga tarehe moja naye. Msikiti unaojua wajane wake unaweza kuunganisha familia mbili au tatu zikasafiri pamoja, mama wawili wakabadilishana zamu ya kuwatazama watoto. Hilo halihitaji mfuko wa fedha, linahitaji mtu mmoja wa kupiga simu tatu. Na wale wanaonong'ona kwamba mwanamke asiye na mume anatafuta nini safarini, wajiulize wao wamempunguzia mzigo gani.

Likizo ijayo ingali mbali kidogo. Muda huo unatosha kupata karatasi ya ruhusa, kujaza kibubu, kumpigia babu simu, na kumfundisha mtoto mkubwa kushika mkono wa mdogo wake bila ya kuuachia. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awavushe salama wote wanaopita baharini mwaka huu, na awakutanishe watoto na jamaa zao wangali hai. Amin.